Nilivyomlaza Anti Devota Koridoni

Wiki iliyopita wenzangu wa ofisini waliamua kwamba mwaka huu twende wote milimani kuteleza kwenye theluji, na mmoja wao akatutumia picha za nyumba kadhaa ili tuchague pa kufikia. Nilikuwa nakula chakula cha mchana mezani kwangu huku nikizipitisha picha kwa kidole gumba: sebule yenye meko, balkoni yenye viti viwili, jiko dogo la kona. Kisha ikaja picha ya korido, nyembamba, isiyo na dirisha, na ubavuni mwake kitanda cha dabodeka, cha juu na chini, kimesukumiwa ndani ya ukuta kama sanduku kwenye rafu. Niliacha kutafuna. Ghafla nilinusa sabuni ya unga ya chumba cha kufulia, na glavu za sufu zinazokauka juu ya hita. Nikatabasamu peke yangu, tabasamu baya, la mtu anayemkumbuka adui yake akichechemea.

Mimi ni mtu wa visasi. Nasema mapema ili msije mkadhani hii ni habari ya mtoto mpole. Ninyi wa rika langu, mliolelewa na mama peke yake kwenye maghorofa ya Woolwich, hapa London, mtanielewa. Mama zetu walikuwa hawana muda wa kukasirika. Walikuwa na zamu. Hasira zao zikatuangukia sisi, tukazitunza kwa niaba yao, na wengine wetu tulizitunza vizuri mno.

Wakati huo nilikuwa na miaka kumi. Baba alikuwa ameondoka mwaka mmoja nyuma. Hakufa, alihamia mji mwingine kwa mwanamke mwingine, akaacha kabati lenye hanga tupu zilizokuwa zikigongana kila mlango ulipofungwa kwa nguvu. Tangu aondoke nilianza kukojoa kitandani. Mama hakunipiga wala kunifokea. Aliniamsha mara mbili kila usiku, akanishika bega hadi chooni, na siku alizochelewa alibadilisha shuka kimyakimya kabla ya kuwahi basi la kwanza kwenda kwa wazee aliokuwa akiwatunza majumbani kwao. Ilikuwa siri yetu wawili. Mimi kwa akili yangu niliamini ule ugonjwa ni wa kitanda, siyo wangu. Niliamini umetoka kwenye lile kabati la baba, ukaingia godoroni, na kwamba nikilala popote pengine duniani nitaamka mkavu.

Kwa hiyo watu wa kwaya walipoanza kuzungumzia safari ya theluji, nilifurahi kupita kiasi.

Kwaya yetu ilikuwa ya Watanzania, wengi wao wauguzi na watunza wazee, na kiongozi wake alikuwa Anti Devota. Alikuwa mwanamke mrefu, msimamizi wa wodi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuona wagonjwa wakikaa sawa anapoingia. Alikuwa na nyumba ya ghorofa moja kule Abbey Wood, yenye ngazi ndani, bustani nyuma, na binti mmoja aitwaye Glory aliyekuwa amenizidi miaka miwili na kila kitu kingine. Safari ilikuwa wazo la Anti Devota. Alisema tumekaa nchi hii miaka yote hii tukiogopa theluji kama wezi, sasa tuifuate kwao.

Mkutano wa kuchagua pa kufikia ulifanyika kwake Jumapili moja baada ya ibada. Sebule ilinukia pilau na makoti yaliyolowa. Glory aliunganisha kompyuta kwenye televisheni, na nyumba za milimani zikaanza kupita kwenye kioo, moja baada ya nyingine, watu wazima wakizitazama kama wanaochagua mchumba.

"Mimi nataka hiyo hapo ya mbao," alisema Anti Devota. Ilikuwa peke yake juu kabisa, paa limebeba theluji nene. "Mtu unaamka, unafungua pazia, mlima huo hapo umekusimamia."

"Na kushuka dukani?" aliuliza Baba Kelvin, dereva wa basi, mtu mnene mwenye utani. "Nimeitazama ramani. Ni mwendo wa kutoka hapa hadi mtoni, kwenye barafu tupu, na mimi magoti yangu niliyaacha kwenye usukani zamani."

"Jiko lake likoje?" aliuliza Anti Sekunda. Alikuwa rafiki mkubwa wa Anti Devota, mwanamke wa mashavu na kicheko. "Maana nasikia kule wanakula jibini ya kuyeyusha asubuhi na jioni. Tumbo langu mimi halijaomba likizo. Nataka jiko la kusongea ugali."

Waliendelea hivyo, huyu anataka meko, huyu anataka fleti karibu na uwanja wa kujifunzia, na mama yangu amekaa pembeni kabisa ya kochi, mikoba ya watu imepangwa mapajani mwake kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumpa mtu mwingine. Mama hakuwa msemaji. Ndiyo maana chumba kizima kilinyamaza alipokohoa na kusema, "Mimi naomba tu choo kiwe karibu."

Walicheka hadi pilau ikawapalia.

"Mama Tumaini bwana!" alisema Baba Kelvin. "Wenzio wanachagua mlima, wewe unachagua choo!"

Mama naye alicheka, kicheko kile cha kuwasaidia watu wakucheke vizuri. Mimi masikio yaliwaka moto. Sikumwelewa. Nilidhani mama amekosa la kusema, na kwamba ametuaibisha wote wawili.

Baadaye nilitumwa kurudisha sahani jikoni. Nilifika mlangoni nikiwa nimebeba nyingi kuliko uwezo wangu, nikasimama ili nizipange upya mkononi, na hapo nikawasikia Anti Devota na Anti Sekunda ndani, bomba likitiririka.

"Na Mama Tumaini naye anakuja?" aliuliza Anti Sekunda.

"Anakuja. Utamwacha vipi? Tutambeba tu," alisema Anti Devota. Kisha akashusha sauti, sauti ile ya kushushwa ili isikike vizuri zaidi. "Lakini mwenzangu, mwanamke aliyeshindwa kumshika mume kwenye lami kavu, atajishika vipi yeye mwenyewe kwenye barafu?"

Anti Sekunda alicheka hadi akalishika friji.

Sikudondosha sahani. Huwa najivunia jambo hilo hadi leo. Niliingia, nikaziweka kwenye sinki moja moja, nikasema, "Karibuni tena," maneno ambayo hayakuhusiana na lolote, nikatoka. Kwenye basi la kurudi nyumbani mama alilala, kichwa kikigonga dirisha kila tulipopita tuta. Nilimtazama, viatu vyake vya kazini na soksi zake zilizolegea, nikaahidi, siyo kwa Mungu kwa sababu nilijua Mungu angenikatalia, bali kwa nafsi yangu, kwamba Anti Devota atalala chini siku moja na mimi nitaona.

Nilingoja. Watu wanadhani mtoto hawezi kungoja. Mtoto ana kazi gani nyingine?

Majuma mawili baadaye Anti Devota alitangaza mbele ya kwaya kwamba ameachana na nyumba ya mbao. Tutachukua fleti mbili, alisema, mlango kwa mlango, ghorofa ya tatu, hatua chache kutoka mahali wanapojifunzia wasiojua. Baba Kelvin alipiga makofi. Mimi nikasema moyoni, kumbe naye anaogopa kupanda. Niliweka na hilo akibani.

Jumamosi iliyofuata mama alikuwa na zamu ndefu, akaniacha kwa Anti Devota. Glory alikuwa amekwenda kwenye masomo yake ya piano. Anti alikuwa jikoni anakanda unga wa maandazi, mikono yote imeingia kwenye bakuli, na kompyuta iko wazi juu ya meza.

"Tumaini, mwanangu, wewe si unajua kuandika haraka? Mwenye fleti anataka jina la kila mtu na kitanda chake. Orodha ile pale, nyuma ya bahasha. Nakili kama ilivyo, halafu tuma."

Niliichukua bahasha. Kwa mwandiko wake wa kiuguzi, ulionyooka, aliandika fleti ya pili yote ya akina Baba Kelvin. Fleti ya kwanza, chumba cha balkoni kubwa: Devota na Glory. Chumba cha pili: Sekunda na mumewe. Na chini kabisa, mahali ambapo tovuti ilipaita kona ya mlima: Mama Tumaini na Tumaini.

Kona ya mlima. Hakukuwa na picha yake, ilikuwa imeandikwa tu. Nilivyoelewa mimi, ile fleti ilijengwa kuegemea jabali, na hiyo kona ilikuwa upande ambao hawakumalizia ukuta, mlima wenyewe unaingia ndani, mwamba mweusi unaotoa majasho ya barafu. Nilimwona mama amelala hapo na koti lake la kazini, maji yakimdondokea shingoni, na Anti Devota yuko balkoni anakunywa chai na kuuambia mlima kwamba yule tulimbeba tu.

Niliandika Mama Tumaini na Tumaini kwenye chumba cha balkoni. Niliandika Devota na Glory kwenye kona ya mlima. Nikasoma mara mbili, kwa sababu nilikuwa mwanafunzi mwangalifu, nikatuma.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Anti."

"Umeandika kama ilivyo?"

"Kama ilivyo."

Alinipa andazi la kwanza kutoka kwenye mafuta, likiwa moto, ndani lina iliki. Nililila lote. Lilikuwa tamu kweli, na sikusikia aibu hata chembe.

Kuanzia siku hiyo hadi safari niliishi maisha ya raha ambayo sijayapata tena ukubwani. Darasani mwalimu akifundisha mito, mimi nilikuwa naona tone la maji likining'inia kwenye jabali juu ya paji la uso la Anti Devota. Kanisani aliposimama mbele kutuongoza, nilimwimbia kwa sauti kuu huku nikimtazama mgongo. Mgongo ulikuwa unamsumbua, kila mtu alijua, ni maradhi ya wauguzi wote. Hilo nalo nilikuwa nimelifikiria.

Tulikwenda kwa basi, kutoka London hadi kwenye feri, kisha Ufaransa nzima, watoto wakitapika kwa zamu. Tulifika mchana wa siku ya pili. Mtu asikudanganye kuhusu theluji ya milimani. Ile ya London hufika imechoka, ina rangi ya sarafu za nauli. Hii ilikuwa inauma macho. Ilinusa kama chuma safi, kama ndani ya friza tupu, na ilipokanyagwa ililia kama unga wa muhogo unapobanwa mkononi. Mama aliiokota kwa kiganja, akaiangalia, akaipangusa upesi kwenye koti kana kwamba ameshika kitu cha mtu mwingine.

Mwenye fleti alikuwa ameweka vikadi vya majina milangoni, kwa herufi nzuri za wino. Tuliingia ya kwanza, mabegi yanagongana. Hapo ndipo nilipata pigo langu la kwanza: hakukuwa na mwamba. Kona ya mlima ilikuwa dabodeka tu, kwenye korido, karibu na mlango wa kuingilia, limefunikwa na pazia jembamba. Lakini lilikuwa fupi, godoro lake jembamba kama mkeka, bila dirisha, na kila anayetoka na kuingia lazima apite usoni mwa aliyelala. Nikasema basi, si haba.

Anti Devota alisimama mbele ya kile kikadi. Aliinama, akasoma jina lake. Akageuka akatazama mlango wa chumba cha balkoni, akasoma jina la mama. Alifungua mdomo.

Na kabla hajasema neno, Baba Kelvin, aliyekuja kukagua fleti yetu ikoje, akapiga makofi. "Jamani! Njooni muone uongozi! Anti mwenyewe kajiweka koridoni, kawapa wenzake vyumba!"

"Devota!" alisema Anti Sekunda, mkono kifuani. "Na mgongo wako huo?"

"Huyu ndiye kiongozi," aliendelea Baba Kelvin. "Siyo wale tunaowajua. Mungu akubariki, Anti."

Mdomo wa Anti Devota ulibaki wazi kidogo, kisha ukajifunga taratibu. Ningeweza kuikata ile dakika nikaining'iniza ukutani. Alikuwa amenaswa. Angesemaje sasa? Kwamba hapana, mimi nilijiwekea balkoni? Alimtazama mama, na mama akamtazama yeye, na nyuso zao zilikuwa na kitu ambacho sikukielewa. Uso wa mama ulikuwa umepauka. Nilidhani ameguswa kwa wema.

"Ni siku sita tu," alisema Anti Devota. "Ingizeni mabegi."

Chumba chetu kilikuwa na kitanda kikubwa, na balkoni, na mlima wote. Choo kilikuwa upande wa pili wa fleti, mwisho wa korido, mkabala na lile dabodeka. Mama hakuutazama mlima hata mara moja. Aliuliza tu kama nimekunywa maji mengi njiani.

Mama alikuwa hajalala siku mbili. Usiku ule hakuamka kuniamsha. Na ilipofika asubuhi, jua limeingia kupitia balkoni yetu nzuri, niliamka nikiwa nimelowa hadi mgongoni, kwenye kitanda kipya, katika nchi nyingine, mbali kabisa na kabati la baba. Ndipo nilipojua kwamba ule ugonjwa haukuwa wa godoro. Ulikuwa wangu, na nilikuwa nimesafiri nao.

Mama alizivua shuka, akazikunja zikawa furushi, akafungua mlango taratibu. Nilimfuata nyuma, nimevaa koti juu ya nguo za kulalia. Njia ya kwenda kwenye mashine ilipita koridoni. Anti Devota alikuwa amekwisha kuamka, amekaa ukingoni mwa kitanda cha chini, kichwa kimeinama kwa sababu kile cha juu hakikumruhusu kukiinua. Aliliona furushi. Alisimama kwa shida, akamnyang'anya mama.

Wakati huohuo mlango wa Anti Sekunda ukafunguka. "Heh! Kufua siku ya kwanza?"

"Kahawa," alisema Anti Devota. "Nimewamwagia kahawa kitandani kwao. Mikono yangu imekufa ganzi kwa kulala vibaya. Tumaini, njoo unisaidie kubeba."

Chumba cha kufulia kilikuwa chini ya ardhi, na mashine nne kubwa na benchi moja. Kulikuwa na joto, na harufu ya sabuni ya unga, na juu ya hita mtu alikuwa ameacha glavu zake zikauke. Anti Devota aliziingiza shuka, akabonyeza, akakaa kwenye benchi, mkono kiunoni. Maji yalianza kuzunguka.

"Tumaini."

"Abee."

"Ile orodha. Uliinakili kama ilivyo?"

Nilitazama mashine.

"Nimekuuliza."

"Hapana."

"Kwa nini?"

Kiswahili changu kilikuwa cha shikamoo na abee na ahsante kwa chakula. Hasira zangu zote zilikuwa za Kiingereza. Kwa hiyo nilimjibu kwa Kiingereza, haraka, machozi yakinichuruzika, kwamba nilimsikia jikoni kwake, kwamba ninamchukia, kwamba nilitaka alale vibaya. Sentensi moja tu niliisema kwa Kiswahili, kwa sauti yake mwenyewe, jinsi alivyoisema. Mwanamke aliyeshindwa kumshika mume kwenye lami kavu.

Nilingoja akane. Watu wazima hukana.

"Nilisema," alisema hatimaye. "Nilisema, watu wakacheka, na nilipenda walivyocheka." Akajisugua mgongo. "Mama yako anajua?"

"Hapana."

"Sasa nisikilize na wewe. Kile kitanda cha koridoni, mama yako ndiye aliyekiomba. Alinifuata hadi kazini, saa yangu ya kula, akaniambia habari zako huku analia. Nyumba ya mbao watoto wote mngelala darini pamoja, magodoro yamebanana, na choo kiko chini. Nikaiacha. Unanielewa? Niliacha nyumba yangu ya mbao kwa ajili ya mkojo wako. Nikatafuta fleti yenye kitanda mlangoni pa choo, ili mama yako akuamshe bila Glory wala Sekunda kujua. Na wewe ukakibadilisha."

Sijui kama mnakumbuka ile hisia ya utotoni, pale unapogundua kwamba ulimpiga mtu sahihi kwa kosa lisilo lake. Haina jina. Hasira yangu haikufa. Ilikosa tu pa kusimama.

"Basi turudishiane vitanda," nilisema.

"Tukirudishiana leo, Sekunda atauliza sababu. Na Baba Kelvin ameshanifanya mtakatifu." Alicheka kidogo, bila furaha. "Nitalala hukohuko. Glory yuko juu, na akilala hasikii kitu. Taa ya choo nitaiacha inawaka, na pazia nitalisogeza. Mama yako akuamshe kama kawaida." Kisha akaninyooshea kidole. "Lakini usidhani umeniponyoka. Kuanzia leo, kila asubuhi, wewe ndiye utakayenivalisha zile buti za kutelezea."

Wasiowahi kuvaa buti za skii hawataelewa hukumu hiyo. Ni za plastiki ngumu, nzito kama matofali, na zina vibanio vya chuma vinavyokata vidole. Kila asubuhi Anti Devota alikaa kwenye ngazi za nje, mbele ya watu wote, akanyoosha mguu. Nilipiga magoti kwenye theluji.

"Kaza. Siyo hivyo. Fungua. Kaza tena. Sasa huu mwingine."

"Mtoto ana heshima huyu," alisema Anti Sekunda. "Mama Tumaini, umelea."

Nami nikawa nimenaswa vilevile. Hakuna aliyejua kwamba nilikuwa natumikia kifungo. Siku ya nne nilivibana vibanio kwa nguvu zangu zote, hadi nikamwona anauma mdomo. Alinitazama chini, akasema "Mmh," akasimama, akaenda navyo hivyohivyo.

Uwanjani mama alianguka kuliko mtu yeyote. Alianguka kwa kukaa, kwa kulala, kwa kupinda, na kila alipoanguka nilimgeukia Anti Devota, nikimsubiri arudie maneno yake. Hakuyarudia. Lakini pia hakumpa mkono, kwa sababu mgongo ulikuwa umemkaza hawezi kuinama. Nilipopita mbele yake usiku, bega langu mkononi mwa mama, ile taa ilikuwa inamwakia usoni na macho yake yalikuwa wazi. Kila mara nilijiambia nimhurumie, na kila mara nilishindwa.

Tulirudi London Jumapili. Mvua ilikuwa inanyesha Woolwich, soko limefungwa, maboksi yaliyolowa yamelala barabarani. Mama aliwasha hita, akafungua begi mezani jikoni, akaanza kutenganisha nguo chafu na safi. Nilikuwa nimebeba lile neno njia nzima, Ufaransa yote na bahari yake. Nilijua nikimwambia, urafiki wao utakwisha. Ndicho nilichokitaka.

"Mama. Anti Devota alikusema."

"Alisemaje?"

Nikamwambia, lote, hadi lile friji. Mama aliendelea kukunja.

"Najua," alisema. "Nilikuwa chooni kwake, pale chini ya ngazi. Ukuta ule ni karatasi tupu. Nilimsikia yeye, na nikasikia kicheko cha Sekunda."

"Siku ileile? Kabla hujaenda kumwomba kuhusu kitanda?"

"Kabla."

"Sasa mbona ulimwendea yeye? Si ungemwendea Anti Sekunda?"

"Sekunda ni mwema, lakini siri hailali kwake. Devota maneno yake mwenyewe ni machafu. Lakini ukimpa ya kwako ayatunze, hayatoki." Akalainisha soksi kwa kiganja, akaiweka juu ya mwenzake. "Nilikuwa natafuta mtu wa kukutunzia siri, Tumaini. Sikuwa natafuta mtu wa kunipenda."

Nilichokuwa nacho ni ukweli mmoja uliobaki, nikautoa. "Mimi ndiye niliyebadilisha majina. Siyo mwenye fleti. Niliandika mimi, makusudi, ili alale pabaya."

Mikono ya mama ilisimama. Alinitazama kwa muda, kama anayesoma maandishi madogo.

"Lile godoro la koridoni," aliuliza, "lilikuwa baya kweli?"

"Glory alisema chuma kilikuwa kinawachoma mbavu."

"Na mgongo? Ulimuuma kweli, au alikuwa anajisemea?"

"Kwenye basi alikuwa anakaa upande. Hakuweza kujigeuza."

"Siku zote sita?"

"Zote sita."

Mama alinipa mgongo, akaliinamia sinki. Mabega yake yakaanza kutikisika. Niliogopa. Nilidhani nimemliza, baada ya yote, mimi ndiye niliyemliza, nikamkimbilia na kumkumbatia kiuno. Alikuwa ameuma kitambaa cha vyombo. Alikitoa mdomoni, akavuta pumzi, machozi yanamtiririka, na kicheko kikamtoka ambacho sikuwahi kukisikia tangu baba aondoke.

"Mungu anisamehe," alisema. "Ungeniambia mapema, mwanangu, tungekaa wiki mbili."